Haba na Haba Hujaza Picha: Ufundi wa Rangi na Kivuli katika Michoro ya Pikseli

Mtu anaposhika gazeti na kuitazama picha iliyopigwa chapa kwa wino mweusi, huona uso wa mtu, kofia yake, kivuli kilicho chini ya kidevu, na hata mng'ao wa vifungo vya koti lake. Lakini akichukua kioo cha kukuzia na kukisogeza karibu na karatasi ile, uso hutoweka. Hubaki nukta tu: nukta kubwa palipo na giza, na nukta ndogo palipo na mwanga. Wino ni mmoja, nao ni mweusi. Rangi ya kijivu haimo kabisa katika mtambo. Kijivu kile kimetengenezwa na jicho la msomaji mwenyewe.

Siri hiyo ya jicho ndiyo msingi wa sanaa inayopendwa leo na vijana wengi duniani, nayo ni sanaa ya kuchora kwa pikseli. Pikseli ni kisanduku kidogo kabisa cha rangi katika kioo cha kompyuta, televisheni au simu. Katika picha za kawaida visanduku hivyo ni vingi na vidogo mno hata havionekani. Katika sanaa ya pikseli, mchoraji huviacha vionekane kwa makusudi, akavipanga kimoja kimoja kwa mkono wake, kama mwashi apangavyo matofali, au kama mama anayedarizi kitambaa cha meza ahesabuvyo nyuzi.

Kuanza kazi hiyo ni rahisi. Kuendelea ndiko kugumu. Kijana akishajifunza kuchora umbo la nyumba, la ng'ombe au la mtungi, hukutana na kikwazo kilichowavunja moyo wengi kabla yake. Picha yake ina rangi nyingi, lakini haina uhai. Mtungi unaonekana kama chapati iliyobandikwa ukutani, na ng'ombe kama kivuli cha ng'ombe. Hapo kijana hudhani kwamba amekosa programu ya bei ghali, au kompyuta kubwa, au kipaji, naye huiacha kazi. Dhana hiyo ni potofu. Simu ya kawaida ya leo inaweza kuonyesha rangi zaidi ya 16,000,000. Waliochora picha za pikseli zilizojulikana zaidi ulimwenguni hawakuwa hata na rangi 60. Tofauti kati yao na kijana huyo si mali, bali ni maarifa ya mambo mawili: mwanga unatoka wapi, na rangi gani imekaa karibu na ipi.

WALIOFANYA MENGI KWA MACHACHE

Mwaka 1978 kampuni ya Taito ya Japani ilitoa mchezo wa Space Invaders, uliobuniwa na Tomohiro Nishikado. Kioo cha mtambo wake wa mwanzo kilikuwa cha nyeusi na nyeupe tu. Ili wachezaji waone rangi, vipande vya karatasi ya plastiki ya rangi vilibandikwa juu ya kioo. Adui alipoteremka kutoka sehemu moja ya kioo hadi nyingine, alibadilika rangi kwa sababu tu alikuwa amepita nyuma ya kipande kingine. Adui mdogo kuliko wote katika mchezo huo alichorwa ndani ya visanduku 8 kwa 8, yaani visanduku 64 peke yake, na bado mamilioni ya watu walimtambua.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1981, Shigeru Miyamoto wa kampuni ya Nintendo alimchora mtu mfupi katika mchezo wa Donkey Kong, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Mario. Wengi hudhani sura ya mtu huyo ilitokana na mzaha. Kwa kweli ilitokana na uhaba. Nywele zilikuwa ngumu kuchora kwa visanduku vichache, basi akavikwa kofia. Mdomo haukuonekana vizuri, basi akapewa masharubu yaliyoitenga pua na kidevu. Mikono ilipotea mbele ya mwili alipokimbia, basi akavikwa vazi la fundi lenye mikanda ya mabegani, ili rangi ya mikono itofautiane na rangi ya kiwiliwili.

Mtambo wa Famicom, ambao kampuni hiyo iliuuza Japani kuanzia Julai 1983, uliweza kuonyesha rangi zipatazo 25 kwa wakati mmoja, na kila kipande cha mhusika kiliruhusiwa rangi tatu tu. Mario wa mchezo wa Super Mario Bros. wa mwaka 1985 ana nyekundu, ana rangi ya ngozi, na ana rangi moja ya kahawia. Kahawia hiyo hiyo ndiyo nywele zake, ndiyo masharubu, ndiyo shati, na ndiyo viatu. Tena katika mchezo huo, mawingu ya angani na vichaka vya ardhini ni mchoro mmoja. Wingu limetiwa nyeupe, kichaka kimetiwa kijani, na watu wengi walicheza kwa miaka bila kugundua. Hata ndugu yake Mario, aitwaye Luigi, alikuwa ni Mario yule yule aliyebadilishwa rangi.

Mwaka 1989 ukaja mtambo mdogo wa mkononi, Game Boy, wenye kioo cha visanduku 160 kwa 144. Huo haukuwa na rangi kabisa, ila viwango vinne tu kutoka mwangaza hadi giza, vyote vya kijani kijani. Wachoraji walilazimika kuonyesha maji, mawe, moto na nyuso za watu kwa viwango hivyo vinne. Waliweza, kwa kuwa walielewa kwamba jicho hutambua umbo kwa mwanga na giza kabla ya kutambua rangi.

MWANGA KWANZA, RANGI BAADAYE

Kosa la kwanza la wanaoanza lina jina miongoni mwa wachoraji wa kazi hii: huitwa kivuli cha mto, yaani mto wa kulalia. Mchoraji hutia rangi nyeusi nyeusi kuzunguka ukingo wote wa umbo, kisha rangi ya wastani ndani yake, kisha nyeupe katikati. Anadhani ametia kivuli. Lakini katika maisha hakuna kitu kinachopata mwanga wa namna hiyo, isipokuwa kama taa imefungwa kwenye paji la uso wa mtazamaji. Matokeo yake kila kitu, kiwe jiwe, kichwa au chungu, hugeuka mto uliojazwa sufi.

Dawa yake ni kuamua, kabla ya kuchagua rangi yoyote, mwanga unatoka upande gani. Wengi huchagua juu kushoto. Uamuzi huo ukishafanywa hauvunjwi tena. Ni kama amri ya gwaride, haiwezekani nusu ya kikosi igeuke kulia na nusu kushoto. Nyumba, mti na mbwa walio katika picha moja hupokea mwanga kutoka upande mmoja, na vivuli vyao huangukia upande mmoja.

Shule ya somo hili haina ada. Sufuria ikiwekwa uani saa mbili asubuhi, upande mmoja hung'aa na upande wa pili huwa na giza, na kivuli chake hulala kirefu chini. Saa sita mchana, katika nchi zilizo karibu na mstari wa Ikweta, jua huwa karibu juu ya utosi. Kivuli hujikusanya chini ya sufuria, na mdomo wake ndio unaong'aa. Saa kumi na moja jioni mambo hugeuka upande mwingine, na mwanga wenyewe huwa wa manjano. Mwezi nao ni mwalimu mzuri. Ni tufe linalomulikwa na jua kutoka upande mmoja, na mpaka wa mwanga na giza juu yake ni mstari uliopinda. Mchoraji anayetaka mpira wake uonekane wa duara autazame mwezi wa siku ya kumi, aone mpaka huo unavyopita.

Wanyama wa mwituni wanathibitisha kanuni hiyo kwa kinyume chake. Mwaka 1896 mchoraji wa Kimarekani, Abbott Thayer, alichapisha maelezo ya jambo ambalo kila mwindaji amekwisha kuliona bila kujiuliza sababu: wanyama wengi wana mgongo wenye rangi iliyokolea na tumbo jeupe. Swala ni mfano mzuri. Jua humulika mgongo na kuufanya uwe mwangavu, na tumbo huwa kivulini. Ngozi ya swala imepakwa kinyume: giza palipo na jua, weupe palipo na kivuli. Mambo hayo mawili hufutana, mwili hauonekani tena wa mviringo, na swala hupotea machoni. Basi ikiwa kuondoa tofauti ya mwanga kunaficha umbo, ni dhahiri kwamba kuiweka tofauti hiyo mahali pake ndiko kunakolidhihirisha.

NGAZI YA RANGI

Baada ya mwanga kuamuliwa, ndipo rangi huchaguliwa. Mchoraji mzoefu hachukui rangi moja moja ovyo. Hujenga ngazi, yaani safu ya rangi tatu, nne au tano, kutoka giza hadi mwangaza, zitakazotumika kwa kitu kimoja. Kosa la kawaida ni kuchukua rangi moja, tuseme nyekundu, kisha kuichanganya na nyeusi ili kupata kivuli, na kuichanganya na nyeupe ili kupata mwanga. Ngazi ya namna hiyo huonekana chafu upande wa chini, na kama iliyopakwa unga upande wa juu.

Sababu yake inaonekana nje ya mlango. Mahali palipo na jua hupata mwanga wenye umanjano. Mahali palipo kivulini hapakosi mwanga kabisa. Hupata mwanga wa anga, na anga ni buluu. Kwa hiyo kivuli cha mchana si rangi ile ile iliyotiwa masizi, bali ni rangi iliyosogea kuelekea buluu au zambarau. Mchoraji akifuata mwenendo huo, ngazi ya mtungi wa udongo itaanza na zambarau iliyokolea, ipande hadi kahawia yenye wekundu, kisha rangi ya machungwa, na kuishia na manjano hafifu. Ngazi ya majani itaanza na buluu yenye giza, ipite kwenye kijani, iishie na kijani chenye umanjano. Kila hatua inapanda kwa mwangaza na pia inasogea kidogo kwa aina ya rangi. Rangi kali kabisa hukaa katikati ya ngazi; ncha mbili huwa zimepoa.

Tena si lazima kila kitu kiwe na ngazi yake peke yake. Zambarau iliyokolea ya chini ya mtungi yaweza pia kuwa kivuli cha majani, cha ukuta na cha nywele. Kama vile mke wa askari anayepanga mshahara wa mwezi hununua kanga itakayovaliwa, itakayobebea mtoto na itakayofunika meza wageni wakija, ndivyo mchoraji anavyoipa rangi moja kazi tatu. Faida yake si kupunguza hesabu tu. Rangi zinazoshirikiana kivuli kimoja huonekana kuwa ziko mahali pamoja, chini ya jua moja.

RANGI NA JIRANI YAKE

Jambo la tatu liligunduliwa zamani, hata kabla ya kompyuta kufikiriwa, tena liligunduliwa katika kiwanda cha nyuzi. Mwaka 1824 mkemia Michel Eugène Chevreul aliwekwa kuwa msimamizi wa kazi ya kutia nyuzi rangi katika karakana ya Gobelins mjini Paris, palipofumwa mazulia ya ukutani. Alipokea malalamiko kwamba nyuzi nyeusi za karakana hiyo ni dhaifu, hasa zilipotumiwa kufuma vivuli vya nguo za buluu na za zambarau. Chevreul alizilinganisha na nyuzi nyeusi zilizotiwa rangi mahali pengine, akaona hazina kasoro. Kosa halikuwa katika pipa la rangi. Weusi ule ulipungua nguvu machoni kwa sababu ya buluu na zambarau zilizokaa kando yake. Mwaka 1839 alitoa kitabu kikubwa kueleza kwamba rangi mbili zikiwekwa pamoja, kila moja hubadilisha sura ya mwenzake machoni pa mtu.

Kwa mchoraji wa pikseli, habari hiyo ina maana kubwa. Kisanduku kimoja cha kijivu kikizungukwa na nyekundu, huonekana kina ukijani. Kikizungukwa na machungwa, huonekana cha buluu. Kisanduku hicho hicho juu ya nyeusi huonekana cheupe, na juu ya nyeupe huonekana cheusi. Kwa hiyo haifai kuichagua rangi ikiwa peke yake pembeni mwa kioo. Rangi hupimwa ikiwa imekwisha kuwekwa mahali pake, kati ya jirani zake. Mara nyingi kijana anayetafuta nyeupe ya mng'ao wa jicho hatahitaji nyeupe kamili. Kijivu cha wastani, kikiwa kati ya giza, kitang'aa vya kutosha.

FUNZO KUTOKA KWENYE SARE ZA MABAKA

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni mambo ya michezo ya watoto. Historia ya majeshi inaonyesha vingine. Mwaka 1976 afisa wa Jeshi la Marekani, Timothy O'Neill, alipaka gari la deraya aina ya M113 mabaka ya visanduku vya rangi kwa mkono, kwa kutumia rola ya upana wa inchi mbili. Alikuwa akijaribu wazo kwamba visanduku vidogo vikiunda mabaka makubwa vitalificha gari kwa karibu na kwa mbali pia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Kanada ilichukua sare za mabaka ya visanduku, na mwaka 2002 askari wa Marines wa Marekani wakavaa za kwao.

Kuanzia mwaka 2005 Jeshi la nchi kavu la Marekani nalo liliwagawia askari wake sare ya visanduku iliyokusudiwa kutumika jangwani, msituni na mjini bila kubadilishwa. Rangi zake zilikuwa ya mchanga, ya kijivu na ya kijani yenye ukijivu. Visanduku vilikuwepo, lakini rangi zilikaribiana mno kwa mwangaza. Askari aliposimama mbali, rangi zote tatu ziliungana zikawa rangi moja iliyopauka, na umbo la mtu likasimama wazi. Mwaka 2010 askari waliokuwa Afghanistan walianza kupewa sare za mabaka mengine. Mwaka 2014 jeshi lilitangaza aina mpya, na mwaka 2019 ile ya zamani ikaondolewa kabisa.

Kosa hilo la jeshi kubwa lenye wataalamu wengi ndilo kosa la kijana mwenye simu. Anachagua rangi nne nzuri, za kijani, za kijivu na za kahawia, lakini zote zina mwangaza uleule. Kwa karibu zinapendeza. Kwa mbali ni baka moja. Kipimo chake ni rahisi. Picha igeuzwe kuwa nyeusi na nyeupe, jambo linalowezekana katika programu nyingi, au mchoraji asimame hatua tatu nyuma na kukunja macho hadi aone kwa ukungu. Ikiwa umbo bado linatambulika, ngazi ya rangi ni imara. Ikiwa limepotea, hakuna rangi mpya itakayoliokoa mpaka hatua za ngazi zitenganishwe.

UBAO WA DRAFTI

Wakati mwingine hatua mbili za ngazi huwa mbali mno, kama katika anga la jioni linalopauka polepole kutoka buluu hadi weupe. Hapo hutumika mbinu ya kuchanganya visanduku vya rangi mbili kwa kupishana, kama vyumba vyeusi na vyeupe vya ubao wa drafti. Mtazamaji akiwa mbali haoni vyumba. Huona rangi ya tatu ambayo haipo. Ni nukta za gazeti zilizorudi kwa njia nyingine. Mchoraji wa Kimarekani Mark Ferrari aliitumia mbinu hiyo kwa ufundi mkubwa katika mchezo wa Loom wa mwaka 1990, uliochorwa kwa rangi 16 tu, na mandhari yake ya usiku bado husifiwa.

Hata hivyo mbinu hiyo ni kama chumvi. Juu ya anga, ukuta mkubwa au jiwe lenye kukwaruza inafaa. Juu ya uso wa mtu mwenye upana wa visanduku kumi, ubao wa drafti huonekana kama ndui. Hali kadhalika kuna kulainisha ngazi za mstari uliopinda kwa kuweka kisanduku kimoja cha rangi ya katikati kwenye kila kona. Kisanduku kimoja hulainisha. Vitatu huleta ukungu. Kanuni ni kwamba kila kisanduku kiwe na kazi inayoweza kuelezwa. Kisichoelezeka kifutwe.

ZOEZI LA MTUNGI

Zoezi lifuatalo halihitaji kompyuta. Daftari la hesabu lenye visanduku na penseli nne za rangi yanatosha. Mwenye kompyuta anaweza kutumia programu ya LibreSprite, ambayo hutolewa bila malipo.

Kwanza, upimwe uwanja wa visanduku 16 kwa 16, yaani 256. Ndani yake lichorwe umbo la mtungi wenye urefu wa visanduku 14, tumbo lenye upana wa 12, shingo ya 6 na mdomo wa 8. Mtungi usogezwe kidogo kushoto, ili kulia na chini pabaki nafasi ya kivuli kitakachoanguka ardhini.

Pili, umbo lote lijazwe rangi ya machungwa iliyoiva, ambayo ndiyo rangi ya udongo uliochomwa. Mchoraji asimame hapo na kulitazama. Kama umbo tupu halitambuliki kuwa ni mtungi, kivuli hakitalisaidia; lirekebishwe kwanza.

Tatu, mwanga ukiwa juu kushoto, sehemu ya kulia na ya chini, kiasi cha theluthi moja ya mtungi, itiwe kahawia yenye wekundu. Mpaka wa kahawia hiyo usifuate ukingo wa mtungi sambamba, bali upinde kama mwezi ulivyo siku ya kumi.

Nne, zambarau iliyokolea iwekwe mahali pachache tu: safu moja chini ya mdomo, kwa kuwa mdomo huitupia shingo kivuli, visanduku vichache chini kulia, na kivuli kilicholala ardhini upande wa kulia. Kivuli hicho lazima kiguse kitako cha mtungi. Kikiachana nacho, mtungi utaelea hewani.

Tano, manjano hafifu iwekwe kwenye visanduku vitatu au vinne juu kushoto mwa tumbo, na kimoja au viwili kwenye mdomo. Mng'ao usienee. Mtungi wa udongo haung'ai kama sufuria. Ukitiwa mng'ao mwingi utageuka chuma. Ndiyo kusema kwamba kiasi cha mng'ao ndicho kinachomwambia mtazamaji kitu kimetengenezwa kwa nini.

Mwisho, kwenye ukingo wa chini kulia kabisa, visanduku viwili au vitatu vya zambarau virudishwe kuwa kahawia. Ardhi inapopigwa na jua hurudisha mwanga kidogo, na mwanga huo hugusa kitako cha mtungi kutoka chini. Ni jambo dogo, lakini ndilo linalougeuza mtungi uwe wa duara.

Baada ya hapo mtungi uleule uchorwe tena kwa mwanga wa kulia, kisha kwa mwanga wa saa sita mchana, kisha kwa usiku wenye moto wa kuni chini yake. Umbo halibadiliki hata kisanduku kimoja. Kinachobadilika ni rangi tu. Atakayemaliza mitungi hiyo minne atakuwa amejifunza zaidi ya aliyechora vitu arobaini ovyo.

ELIMU ILIYOKO NYUMBANI

Mwaka 1984 kompyuta ya Macintosh ya kampuni ya Apple ilipotolewa, alama zake zilizopendwa na watu zilikuwa zimechorwa na mwanamke aitwaye Susan Kare. Hakuwa mtaalamu wa kompyuta. Alianza kwa daftari lenye visanduku vidogo, akajaza visanduku ndani ya uwanja wa 32 kwa 32 kwa mkono, na kioo chenyewe kilikuwa cha nyeusi na nyeupe. Utotoni alikuwa amefundishwa na mama yake kudarizi kwa kuhesabu nyuzi, na alipokutana na kazi ya pikseli aliona kwamba inafanana na darizi na na michoro ya vigae aliyokwisha kuizoea.

Habari hiyo inafaa kukumbukwa katika nyumba za askari na polisi, ambamo viti hufunikwa vitambaa vya darizi na mikeka husukwa kwa miyaa ya rangi. Mama anayekaa jioni akihesabu mishono ili ua la waridi litokeze vizuri kwenye kitambaa, na binti yake anayepanga pikseli katika simu, wanafanya kazi moja. Wote wawili wana visanduku vinavyohesabika na rangi zisizotosha. Mama anajua tayari kwamba uzi wa waridi hufifia ukikaa karibu na mwekundu, na kwamba jani bila uzi wa kijani kilichokolea chini yake hulala bapa. Binti anaweza kumwuliza mama yake jambo ambalo amelitafuta mbali, na mama anaweza kumwomba binti yake achore ua jipya katika visanduku, alihesabu na kulishona.

Haba na haba hujaza kibaba. Kisanduku kimoja cha rangi hakina maana yoyote; mahali kilipowekwa ndipo panapokipa maana. Kijana aliyekata tamaa kwa kukosa rangi alichukue tena daftari lake, achague rangi nne, aamue jua liko wapi, na aanze na mtungi.